Bafu la Wageni

Kicheko cha mama yake ndicho kilichomtisha Careen asubuhi ile ya Jumamosi, wala si kelele za grinda.

Grinda alikwisha kuizoea. Wiki nzima nyumba yao ya Mjimwema ilikuwa ikitetemeka kama ina homa, vumbi la tofali likipenya hadi kwenye kopo la sukari. Lakini kicheko kile laini, cha kutokea puani, mara ya mwisho alikisikia wakati mchumba wa dada yake Domina alipoketishwa sebuleni akapewa paja la kuku. Mama yao, Walburga, alimchekea kijana wa watu siku ile. Akamwongezea mchuzi. Akamwita baba. Mwezi haukuisha, akazuka mzee mmoja asiyejulikana alikotoka, akaapa kwamba ukoo wa kijana yule wa Namtumbo na ukoo wao ziliwahi kuchanjana damu zamani, kwa hiyo yule na Domina ni ndugu wa damu. Mzee akanywa pombe yake, akaondoka, hakuonekana tena mpaka leo. Domina hakubisha. Alifunga begi akaenda kufanya kazi Mbesa, hospitalini, na kila Krismasi hutuma salamu kwa simu. Yeye mwenyewe haji.

Majirani wameshasahau. Wengine hata husema Domina aliukataa uchumba mwenyewe, ana maringo. Careen hakusahau hata rangi ya shati la yule kijana.

Na sasa kicheko kilikuwa kimerudi.

"Utaniua kwa vumbi wewe, mwanangu Hamidi!"

"Nisamehe, mama. Ukuta huu aliyeujenga alikuwa na hasira. Tofali limelazwa juu ya udongo mtupu, ukiligonga moja linakuja na wenzake."

"Aliujenga marehemu mume wangu."

"Basi marehemu alikuwa na nguvu."

"Alikuwa nazo," Walburga alisema, akacheka tena. "Alipokuwa hai."

Careen alikuwa jikoni, ameshika birika. Kikombe kilifurika, chai ikamwagika kwenye sinia.

Abdulhamid, ambaye mji mzima ulimwita Hamidi, alikuwa Myao wa Tunduru, fundi wa aluminiamu na vioo mwenye karakana yake Majengo. Alimpata Careen akiwa anauza mbegu na mbolea katika duka la pembejeo mjini. Alikuja kubadilisha kioo cha dirisha kilichopasuka, akakibadilisha, kisha akawa anarudi kila wiki kukiangalia kama kimekaa vizuri. Kioo hakikuwa na shida yoyote. Mwaka wa pili sasa alikuwa bado anakiangalia.

Walburga alipopata habari, alisema neno moja tu: "Myao, Mwislamu, fundi. Nianze kukataa lipi?"

Lakini kukataa waziwazi alishindwa. Joachim, baba yake Careen, alipokuwa kitandani pumzi zikimwishia, alimwita dada yake Ludovika, akamwambia mbele ya watu: Careen achague mwenyewe, la Domina linatosha. Shangazi Ludovika aliyabeba maneno hayo kama mtu abebavyo kaa la moto, hakuyaweka chini hata siku moja. Na barua ya posa ilikuwa ipokewe na yeye kesho, Jumapili, baada ya misa.

Ndiyo maana ilikuwa ajabu Walburga alipoamka siku moja, umande wa Julai bado umelala juu ya vilima vya Matogoro, akasema: "Mlete kijana wako. Nasikia ana mkono mzuri wa vioo. Lile bafu la wageni nataka liwe la kisasa, liwe na shawa na mlango wa kioo. Watu wa Tunduru wakija wasituone washamba."

Careen alilia siku ile, kwa furaha.

"Unajua maana yake, Careen?" Hamidi alimwambia walipokutana. "Kwetu mwanamume akitaka mke anakwenda kujenga ukweni. Babu yangu alisimamisha nyumba nzima, bibi akimchungulia kwenye matete. Mimi nilikuwa najiuliza mtu wa mjini atajenga nini. Kumbe Mungu ameniwekea bafu!"

"Bafu si nyumba, Hamidi."

"Kwangu ni nyumba. Na ujira sichukui. Nitamwambia mama yako mwenyewe."

Na kweli alimwambia, tena mbele ya Mama Lukresia, kiongozi wa jumuiya yao ya kanisani, aliyekuwa amekuja kuazima viti: "Mama, mtu hachukui ujira akijenga ukweni kwake." Walburga akacheka. "Ni bafu la wageni tu, mwanangu." Akarudia: la wageni. Kesho yake tena: la wageni. Alilisema mara nyingi mno kwa mtu ambaye hakuwa ameulizwa.

Careen alibeba sinia, akapita ukumbini, akaingia chumba cha wageni. Kitanda cha zamani kilikuwa kimefunikwa nailoni kukingwa na vumbi, na juu yake pana mifuko mitupu ya saruji na vipande vya mbao. Bafu lilikuwa ndani, upande wa dirisha. Hapo zamani palikuwa na ukuta mfupi ukitenga choo na mahali pa kuogea, pazia la plastiki likining'inia. Sasa ukuta ulikuwa umeinuliwa hadi juu, umeachwa mwanya mmoja wa mlango, na ndani ya mwanya huo Hamidi alikuwa amesimamisha fremu ya mninga, nyekundu, inanukia. Juu yake ndipo pangekuja reli za aluminiamu, kisha kioo.

Alikuwa amechuchumaa, anaangalia kamba ya timazi inavyotulia. Vumbi limemjaa kwenye kope, amekuwa kama mzee.

"Weka hapo chini, njoo usimame hapa," alisema bila kugeuka.

"Umejuaje ni mimi?"

"Mama yako hatembei, anatokea tu. Wewe nakusikia tangu jikoni. Simama katikati ya fremu. Nataka nione mtu anavyopita."

Careen alisimama. Hamidi alikuwa upande wa ndani, yeye upande wa nje, mbao za mninga zikiwazunguka. Fundi alipima juu, akapima katikati, akapima chini, na kila alipopima mkono wake ulipita karibu na bega lake bila kuligusa. Careen aliuhisi hivyo hivyo, kama mtu anavyohisi jiko la mkaa lililopitishwa jirani.

"Mbona unapima mara tatu?"

"Kuta za zamani zinadanganya. Juu zinakupa kipimo kingine, chini kingine. Unachukua kilicho kidogo kuliko vyote."

"Na ukichukua kikubwa?"

"Kioo kinatoka Dar, kinafika hakiingii. Na hiki cha bafu kinapikwa kiwandani, kikishapikwa hakikatwi tena. Ukikigusa na msumeno kinamwagika chote kama chumvi." Alinyanyua macho, akamtazama. Macho yake yalikuwa na tabia mbaya hiyo: yakikutulia, hayaondoki mpaka uyafukuze. "Careen. Kesho."

"Kesho."

"Wazee wangu wamepanda basi alfajiri. Baba mkubwa amenunua kofia mpya. Ananiuliza kwa simu, huyo shangazi mtu anauma?"

"Anauma," Careen alisema, akacheka bila kutaka. "Mwambie asikae karibu naye."

"Na mama?"

Macho ya Careen yalikuwa yameanguka pembeni, penye bomba jipya. Chini ya bomba palikuwa na jiwe jeusi lililolika katikati. Alilijua jiwe lile. Alilijua tangu utotoni, lilikuwa la kusugulia miguu, na kila mtoto wa nyumba ile alikwisha kuchapwa kwa kulichezea.

"Hili limefikaje hapa?"

"Nimelikuta asubuhi. Juzi kulikuwa na dodoki, nikalitundika pale dirishani lisichafuke. Si la mgeni?"

"Hakuna mgeni aliyelala hapa, Hamidi. Ni vya mama."

"Labda alikuja kunawa miguu. Bomba hili lina maji mengi kuliko lile la kwake." Alitabasamu. "Acha kuniangalia hivyo. Mama yako ananipenda. Jana amenitengea uji kwa mkono wake."

"Ndilo linaloniogopesha."

"Mtu akichukiwa anaogopa, akipendwa anaogopa. Nyie watu wa Songea mnataka nini?"

"Careen!" Sauti ilitoka mlangoni. Walburga alikuwa amesimama pale, na kweli hakuna aliyesikia hatua zake. "Mwache fundi afanye kazi. Nenda soko kuu ukaniletee mbasa, wale wakubwa wa kutoka ziwani. Tuna wageni wa chai, na watakula mchana."

"Wageni gani, mama?"

"Lukresia. Na shangazi yako."

"Shangazi Ludovika?"

"Kwani mtu hawezi kumwita wifi yake wakanywa chai?"

Tangu arobaini ya Joachim, wanawake wale wawili hawakuwahi kukaa meza moja. Careen alichukua kikapu. Alipokuwa anatoka alimwona Hamidi naye akitoka na kipande cha reli, akielekea uani alikoweka meza yake ya kukatia, maana aluminiamu haikatwi ndani ya nyumba, cheche zinaunguza. Grinda ikaanza kulia. Careen aligeuka mara moja tu. Mama yake alikuwa amebaki peke yake katika chumba cha wageni, anaikunja nailoni ya kitandani, taratibu, kona juu ya kona.

Hakufika sokoni. Njiapanda ya lami bajaji ilisimama, akashuka mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga vitenge viwili juu ya sweta, fimbo mkononi ingawa miguu yake haikuwa na tatizo lolote. Ludovika alitembea na fimbo kwa sababu alipenda watu wampishe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo? Hujapaka mafuta?"

"Naenda kununua samaki. Umekuja kunywa chai?"

"Chai kwangu ipo. Nimeitwa nikaone bafu la mama yako."

"La wageni, shangazi."

"La mama yako. Alinipigia juzi akaniambia amehamia chumba kile, kile cha kwake kinavuja."

"Hakivuji," Careen alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Na hajahamia. Asubuhi hii kitanda kilikuwa na mifuko ya saruji."

Ludovika aliikita fimbo chini.

"Fundi ni nani?"

Careen aliangalia kikapu chake.

"Nimekuuliza, fundi ni nani?"

"Hamidi."

"Hamidi huyu wa barua ya kesho?"

"Ndiye, shangazi. Lakini aliambiwa ni bafu la wageni! Aliambiwa hivyo kila siku, hata mimi nilikuwepo, shangazi, wallahi..."

"Usiniapie kwa kiapo cha watu. Twende."

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Mngoni yeyote anajua. Kijana na mama mzaa mkewe hawagongani njiani, mmoja atashuka kwenye majani mwenzake apite. Hali naye sahani moja. Haingii anakolala. Na anakooga, anakovua nguo, hilo halitajwi hata kwa kukanya, maana nani angedhani liko la kukanywa? Na mwenye kuishika mila hiyo kuliko wote, mwenye kuwatoza watu faini hata kwa kukohoa vibaya mbele ya wakwe, alikuwa ni huyu mwenye fimbo aliyekuwa anatangulia mbele sasa bila kusema neno.

Careen alimfuata mbiombio. Ndipo alipouona mtego wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama yake asingekataa posa. Angekaa kimya, mikono mapajani, na Ludovika mwenyewe, mlinzi wa maneno ya marehemu, ndiye angeikataa kwa kinywa chake. Na Hamidi angeondoka akijua amekosa yeye.

Walipofika uani, grinda ilikuwa imenyamaza. Reli iliyokatwa haikuwepo mezani.

"Hamidi!" Careen alipiga kelele. "Hamidi, usiingie!"

Mlango wa chumba cha wageni ulikuwa wazi. Lakini hakikuwa tena cha wageni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka nyeupe za Walburga, zile za kufumwa pembeni. Rozari yake ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Ndala zake zilikuwa chini, zimeloa. Mama Lukresia alikuwa amesimama katikati ya chumba, kiganja mdomoni, na Walburga kando yake, amejifunga kitenge kikavu, shingo ikimeta maji.

Ndani ya fremu ya mninga alisimama Hamidi. Mkono mmoja pimamaji lake la kupimia usawa, mkono mwingine kanga iliyoloa, inachuruzika. Nyuma yake sakafu yote ilikuwa maji na povu.

"Wifi, umekuja wakati mzuri," Walburga alisema. "Njoo uone kwa macho yako, nisije nikaambiwa nasingizia."

"Nimeikuta imetundikwa kwenye fremu, mama," Hamidi alisema. Alikuwa anatazama uso mmoja hadi mwingine, akitafuta wa kumweleza kuna nini. "Nilikuwa nje nakata. Nimeitoa tu ili nipime."

"Umeitoa kwa mkono gani?" aliuliza Mama Lukresia.

"Huu. Wa kulia."

"Yesu na Maria!"

"Iweke chini," Careen alisema. "Hamidi, iweke."

Lakini angeiweka wapi? Kuitupa sakafuni ni dharau. Kuirudisha kwenye fremu ni kuishika mara ya pili. Alibaki ameishika, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko, na uso wake ukaanza kubadilika polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na anaogopa kuangalia chini.

"Nimetoka kuoga," Walburga alisema, na machozi yalikuwa tayari, yamesimama yanangoja. "Hata mafuta sijapaka. Nasikia mtu bafuni mwangu. Nachungulia, nani? Huyu! Ameshika nguo niliyojifutia mwili wangu!"

"Mama, si uliniambia la wageni?"

"Kitanda hiki cha nani? Rozari ile ya nani?"

"Kilikuwa na nailoni, mama. Nusu saa tu haijapita."

"Ananibishia! Wifi, umesikia? Ananibishia uso kwa uso!"

Ludovika alinyanyua fimbo, akamwelekezea Hamidi.

"Kijana. Toka. Kasimame getini. Usiondoke, na usiongee na mtu."

Careen alimnyang'anya ile kanga. Vidole vyao viligusana ndani ya kitambaa kile cha baridi, na ilikuwa ni kugusana kwao kwa kwanza siku ile. Hamidi alimwangalia kama mtu anayeaga. Kisha akapita, bega lake likikwepa kila mtu, akatoka.

Bomba lilikuwa bado linadondosha.

Ludovika alivuta ndoo ya rangi akaigeuza, akaketi juu yake. Kitandani hakutaka kukaa.

"Haya, wifi. Anza."

"Nianze wapi? Umeona mwenyewe."

"Nimeona mtu na kanga. Nieleze kosa."

"Kosa?" Walburga aliguna. "Leo wewe ndiye wa kuniuliza kosa? Wewe uliyemtoza mtoto wa Emiliani jogoo kwa kupiga chafya?"

"Nilimtoza. Sasa nieleze. Fundi akiingia bafuni, ana kosa?"

"Fundi hana. Mafundi wameingia humu wangapi."

"Na fundi akikuta nguo imemzuia kazi, akaitoa?"

"Huyo ni fundi!" Walburga alipaza sauti. "Huyu si fundi, usinizungushe. Fundi anachukua ujira wake anaondoka. Huyu ujira aliukataa. Alisema anajenga ukweni. Lukresia, alisema hakusema?"

"Alisema," Mama Lukresia alijibu upesi. "Kwa kinywa chake. Nilikuja kuazima viti."

"Na wewe, wifi, ulimjibu nini?"

"Nilicheka."

"Hukumkatalia?"

"Kwa nini nimkatalie? Kila mtu anajua anamtaka Careen! Ndiyo maana ni aibu! Ingekuwa mtu baki ningemfokea yakaisha. Huyu ni mkwe. Mkwe wangu mzima ameshika kanga yangu ya kuogea, atanitazamaje? Nitamtazamaje?"

Ludovika aliigeuza fimbo yake mkononi. Careen alikuwa ameegemea ukuta, kanga ikimlowesha kitenge, na alikuwa anangoja neno lile moja ambalo lingemfungia maisha yake kama lilivyofunga ya Domina.

"Lukresia," Ludovika alisema hatimaye. "Umesikia alivyomwita?"

"Nani?"

"Kijana. Mwenye nyumba amemwita nani?"

Mama Lukresia alimtupia Walburga jicho. "Mkwe."

"Careen, umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Na mimi nimesikia." Ludovika aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Basi. Mama mzazi amemkubali mbele ya shangazi na mbele ya jumuiya. Kesho barua inakuja kuthibitisha tu. Na kwa kuwa ni mkwe, ana kosa, na kosa lake nalijua. Ataleta mbuzi mmoja na kitenge kipya. Kanga hiyo itachomwa. Yanaisha."

"Yanaisha?" Midomo ya Walburga ilikuwa imekauka. "Mtu kama huyo haoi! Mila..."

"Mila gani?" Kwa mara ya kwanza Ludovika alipandisha sauti. "Mimi nimezaliwa humo, Walburga. Wewe ulikuja kuolewa kutoka Mbinga, mimi ndiye niliyekufundisha kumpisha baba yangu njiani. Ulikuwa huwezi hata kupiga goti! Mkwe akikosea hutozwa. Hafukuzwi. Asiyekuwa mkwe ndiye hufukuzwa, na huyo umekwisha kusema siye." Alikohoa. "La Domina nililetewa limeshaiva. Nilikuwa Peramiho, nimelazwa. Hili nimelikuta jikoni."

Careen alitaka kupiga kelele, alitaka kukimbilia getini. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kugeuka. Ila alimwona mama yake.

Walburga alikuwa ameketi kitandani. Machozi yale yaliyokuwa tayari yalikuwa yamerudi yalikotoka. Alijipangusa shingo kwa kiganja, akaunyoosha mto, akaupigapiga. Na alipoongea, aliongea kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Sawa, wifi. Ni mkwe. Na mimi nitakuwa mkwe wake sawasawa. Aibu imenipata mimi, na siku ya kumpokea mbuzi wa kuiondoa naipanga mimi. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Ludovika aliangalia fimbo yake. "Ndivyo."

"Na mpaka siku hiyo hatuonani."

"Hamuonani."

"Hakanyagi uwanja huu. Silambi alicholeta. Akiumwa, sitapeleka mguu wangu. Nikifa sijaipanga siku, hatashika jeneza langu. Careen mwanangu, umesikia? Utakuwa na mume. Ila hapa utakuja peke yako, kama mjane." Alitabasamu. "Na wanao nitawapokea pale getini, wakiletwa. Kama nitakuwa na nafasi. Lukresia, twendeni tukanywe chai."

Akatoka. Mama Lukresia akamfuata, akiangalia chini. Ludovika alibaki, na ghafla ilionekana fimbo ile alikuwa anaihitaji.

"Shangazi, anaweza?"

"Anaweza. Hiyo nayo ni mila." Alimshika Careen kidevu, vidole vyake vikavu kama njiti. "Mume nimekupatia. Mama sikuweza. Nenda kamwambie kijana."

Hamidi alikuwa amesimama getini kama alivyoambiwa, pimamaji bado mkononi. Careen alimweleza yote. La mbuzi alilisema upesi. La kutoonana alilisema polepole, na lilipokwisha, Hamidi aliangalia nyumba ile, mabati yake, dirisha dogo la bafu.

"Kwetu," alisema, "mama yake bibi alikuwa anampikia babu. Kila siku. Mama mkwe wake." Akaligeuza pimamaji mkononi. "Mimi nilidhani nitakuwa na mama wawili."

"Unataka kurudi nyuma?"

"Careen!"

"Nakuuliza. Kioo hakijapikwa bado."

Alimwangalia, na yale macho yakatua, hayakuondoka. "Nimeshakichukua kipimo kidogo kuliko vyote," alisema. "Naweza kuishi nacho. Wewe je?"

Careen aliyatazama mavumbi kwenye kope zake. Safari hii alinyanyua ncha ya kitenge chake akayafuta, jicho la kwanza, jicho la pili, mchana kweupe, mbele ya barabara nzima.

"Wazee wako wanafika saa ngapi?"

"Wameshapita Namtumbo."

"Waje moja kwa moja. Leo. Barua ipokewe leo, shangazi akiwa bado yumo ndani."

"Leo? Hawajaoga! Wana vumbi la Tunduru mpaka masikioni."

"Waje nalo. Wewe humjui mama. Ameshindwa mbele ya watu, na hajawahi kushindwa mbele ya watu. Tukimpa usiku mmoja, kesho hatutaikuta barua wala shangazi wala mimi. Nenda stendi. Mimi nabaki hapa."

Hamidi alisita, kisha akaondoka, akitembea kwanza, halafu akikimbia, pimamaji likimetameta mkononi mwake mpaka alipokata kona.

Careen alikaa juu ya jiwe la getini. Upepo wa Matogoro ulikuwa unashuka, wa baridi, unapuliza vumbi la tofali uani. Ndani vikombe viligongana. Kisha ikaja sauti, tamu, ya kubembeleza:

"Careen, mwanangu! Njoo ndani, chai inapoa."

"Sinywi, mama."

Vikombe viliacha kugongana. Halafu mlango wa mbele ukafunguka, akatoka Mama Lukresia, mkoba kwapani, simu mkononi. Alikuja moja kwa moja hadi getini, akatabasamu tabasamu la jumuiya.

"Nipishe kidogo, mwanangu. Natoka mara moja tu, narudi."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Hapo Bombambili. Kuna mzee mmoja nimetumwa nikamwite."

Careen aliinuka. Alifunga geti, akapitisha komeo, akaliegemea kwa mgongo wake wote.

"Rudi ndani, Mama Lukresia," alisema kwa upole. "Wakwe zangu wako njiani, na leo hatoki mtu humu mpaka wafike."